Mji Hupangwa Kabla ya Kujengwa

Asafiriye kutoka Nakuru kwenda Eldoret hupita Salgaa, kisha hupanda mlima mrefu mpaka Sachangwan, karibu na Molo. Njiani huona maduka na vibanda vikisogelea barabara. Sababu yake ni rahisi kufahamu: penye magari pana wasafiri, na penye wasafiri pana biashara. Hata Nakuru yenyewe ilizaliwa na reli iliyofika hapo mwaka 1900.

Lakini barabara iletayo riziki huleta na hatari. Tarehe 31 Januari 2009 lori la petroli lilipinduka Sachangwan. Watu wakakimbilia kuteka mafuta. Moto ukalipuka, wakafa watu zaidi ya 100. Mpango wa ujenzi peke yake usingaliweza kuzuia msiba ule, kwa maana umaskini nao ulikuwa na sehemu yake. Hata hivyo, yafaa kila mtu akumbuke kwa nini ardhi ya kando ya barabara kuu huachwa wazi: ili gari lililoshindwa breki lisiangukie nyumba, na ili magari ya zimamoto na ya wagonjwa yapate nafasi.

Haja hiyo yazidi kwa kuwa watu wanaongezeka upesi. Hesabu ya mwaka 1969 ilionyesha watu kiasi cha 47,000 mjini Nakuru. Ile ya mwaka 2019 ilionyesha zaidi ya 570,000. Tarehe 1 Desemba 2021 Nakuru ikawa jiji. Kaskazini yake pana mlima wa Menengai, na kusini pana Mbuga ya Ziwa Nakuru. Kwa hiyo jiji halina budi kurefuka upande wa mashariki na magharibi, likiifuata barabara.

Kupanga mji si kuwakataza watu wasijenge. Ni kuamua mapema mahali pa njia, soko, shule, maji na taka. Kwa mfano, bomba la maji machafu hufuata mteremko wa ardhi. Nyumba zikiisha kujengwa juu ya njia yake, hapana budi kuzibomoa au kulizungusha bomba kwa gharama kubwa. Nyumba ikibomolewa, aumiaye zaidi ni yule aliyetia akiba yake yote katika mabati na matofali.

Mchuuzi huenda akauliza, "Soko likihamishwa mbali na barabara, nani atanunua viazi vyangu?" Swali hilo ni la haki. Soko lisilo na wanunuzi hubaki tupu, na wachuuzi hurudi barabarani. Mpango mwema huliweka soko nyuma kidogo, pamoja na mahali pa magari kusimama, ili msafiri na mchuuzi wakutane kwa salama. Ndiyo maana Katiba ya mwaka 2010 na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 zataka wananchi washirikishwe.

Basi, atakaye kununua kiwanja aende kwanza katika ofisi ya mipango ya kaunti, aione ramani, aulize kama kiwanja hicho kimo katika ardhi ya barabara. Na mkutano wa mipango ukiitishwa, ahudhurie na kusema. Mstari wa ramani hufutika kwa urahisi. Ukuta wa mawe haufutiki hivyo.