Nyuki Weusi wa Boriti na Kosa la Mafuta ya Taa

Mwenye nyumba akiona unga wa mbao sakafuni, haraka huelekea duka la pembejeo na swali lile lile: dawa gani inaua yale manyigu meusi makubwa yanayokula mbao za paa? Swali hilo lina makosa matatu. Mdudu huyo si nyigu, hali mbao, na mara nyingi hakuna haja ya kumuua.

Ni nyuki seremala, wa jenasi ya Xylocopa, na kumtambua hakuhitaji hadubini. Nyigu ana kiuno chembamba na mwili usio na manyoya mengi. Nyuki huyu ni mnene, tumbo linang'aa, na miguu ya nyuma ya jike ina nywele nzito za kubebea chavua. Wapo nzi wanaomwiga, lakini nzi ana mbawa mbili na nyuki ana nne. Kinachowachanganya wengi ni rangi: jike wa Xylocopa caffra ni mweusi mwenye mikanda miwili ya manjano au myeupe, ilhali dume wake ni wa manjano ya kijani mwili mzima. Watu humwita malkia. Malkia hayupo, na asali ya kurina haipo.

Dume huyo ndiye anayewatia watu kiwewe. Huelea hewani karibu na tundu, na mtu akipita humjia usoni. Hana mwiba, wala hawezi kuwa nao, kwa kuwa mwiba wa nyuki ni kiungo cha kutagia kilichobadilika. Jike anao, ila huutumia akishikwa au akikanyagwa. Hakuna kundi litakalotoka kumsaidia.

Sasa mafuta ya taa. Ushauri unaozunguka mitaani ni kuyamimina tunduni, kuziba kwa sabuni au udongo, na kuhesabu kazi imekwisha. Haijakwisha hata kidogo! Tundu la nje, la duara kama lililotobolewa kwa keekee, huingia kidogo tu kisha hukata kona na kufuata nyuzi za mbao, mara nyingi likiwa na matawi. Humo ndani jike hufinyanga donge la chavua na mbochi, hutaga juu yake yai moja, kisha hulifungia kwa ukuta wa unga wa mbao uliogandishwa kwa mate. Mbele ya ukuta huo huanza chumba kingine, na kingine. Mafuta hunywewa na mbao au hukwama kwenye ukuta wa kwanza, huku mabuu wakiendelea kula nyuma yake. Anayekufa, kama yupo, ni mama. Tundu hubaki pale pale, na jike mwingine hulirithi kwa sababu kurithi ni rahisi kuliko kuchimba upya. Wakati huo boriti imelowa mafuta, pengine juu ya jiko la mkaa au chini ya makuti. Anayetoa ushauri huo anamtafutia mwenzake moto, na umefika wakati aache.

Na hasara ambayo nyuki huyu anadaiwa kuifanya? Jike hutafuna mbao na kuzitema. Chakula chake ni cha maua. Shimo moja au mawili kwenye boriti nene hayaangushi paa. Mashimo yaliyopanuliwa vizazi kwa vizazi kwenye upau mwembamba yanaweza kuudhoofisha, na hapo upau ubadilishwe. Wanaokula mbao kweli ni mchwa na bungua, na dalili zao, yaani njia za udongo ukutani na vitundu vidogo vidogo, hupuuzwa wakati nyuki akisakwa.

Linaloumiza zaidi ni mkulima wa pasheni kuwaangamiza nyuki hawa nyumbani, kisha kulalamika kwamba maua yanapukutika shambani. Ua la pasheni limeinua vyavulio vyake juu, vikitazama chini, na mbochi imo kwenye pete iliyo chini yake. Nyuki seremala akiizunguka pete hiyo, mgongo wake hupangusa vyavulio na kubeba chavua hadi ua jingine. Nyuki wa asali ni mdogo mno: hupita chini, hunywa, huondoka bila kugusa panapohusika. Kwa hiyo mizinga haisaidii sana pasheni ya manjano, ambayo haikubali chavua yake yenyewe na ambayo ua lake hufunguka adhuhuri na kujifunga siku hiyo hiyo. Nchini Brazil wakulima wengi hulipa vibarua wachavushe ua baada ya ua kwa vidole.

Biringanya nazo humhitaji nyuki seremala. Utafiti wa Gemmill-Herren na Ochieng uliofanyika Nguruman, kusini mwa Kenya, na kuchapishwa 2008, ulimtaja Xylocopa caffra miongoni mwa wachavushaji wa zao hilo. Nyuki huyu hulikumbatia ua na kulitetemesha kwa misuli ya mbawa hadi chavua imwagike. Nyuki wa asali hawezi.

Basi, ya kufanya ni haya. Mbao zilizo wazi zipakwe rangi ya mafuta au vanishi mapema, pamoja na ncha na upande wa chini. Tundu kongwe lizibwe kwa kipande cha mbao na gundi, baada ya kuhakikisha kwa tochi jioni kwamba ni tupu. Karibu na pasheni yaachwe magogo makavu, au vifungwe vipande vya mianzi mikavu kwenye nguzo. Mbaazi na marejea zipandwe pembezoni, maana pasheni haichanui mwaka mzima. Dawa ya shambani ikibidi, ipulizwe usiku, maua yakiwa yamefungwa. Anayetaka kuwajua zaidi atafute kitabu cha Dino Martins, Our Friends the Pollinators, kilichotolewa na Nature Kenya. Kwa kuanzia, picha ya simu inayoonyesha vizuri mgongo na miguu ya nyuma itamtosha kumtofautisha jike wa Xylocopa caffra na wa Xylocopa flavorufa, ambaye kifua chake kina manyoya ya rangi ya machungwa.