Rubani mwanafunzi hupimwa busara mezani kabla ya kupaa

KABLA ya mwanafunzi wa urubani nchini Marekani kukabidhiwa leseni ya rubani binafsi, hana budi kuketi mbele ya mtahini na kujibu maswali kwa mdomo. Akishindwa hapo, hapandi ndege kwa sehemu ya pili ya mtihani siku hiyo.

Anayefikia hatua hiyo huwa amekwisha kutimiza mengi. Kwa utaratibu wa kawaida anatakiwa awe na umri usiopungua miaka 17, awe ameruka kwa saa zisizopungua 40, kumi kati ya hizo akiwa peke yake, na awe amepata angalau asilimia 70 katika mtihani wa maandishi wenye maswali 60.

Maandalizi huanza na nyaraka. Mtahiniwa hufika na kitambulisho, cheti cha afya, kitabu cha kumbukumbu za safari zake na idhini zilizotiwa saini na mkufunzi. Aidha, huonyesha kumbukumbu za matengenezo zinazothibitisha kwamba ndege imefanyiwa ukaguzi wa kila mwaka. Idhini moja ikikosekana, mtihani hauwezi kuanza.

Nyaraka nyingine muhimu ni ripoti ya mtihani wa maandishi. Ripoti hiyo huonyesha maeneo aliyokosea, na mtahini hulazimika kuyarudia. Kwa hiyo, mwanafunzi makini huanza kusoma pale alipokosea.

Hata hivyo, kukariri pekee hakutoshi. Tangu Juni 2016, viwango vya mtihani vya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani vimeunganisha mambo matatu: maarifa, udhibiti wa hatari na ustadi wa kuongoza ndege. Mtahini hupenda kutoa mfano wa safari, akataja uzito wa abiria na mizigo, kisha akamwachia mtahiniwa aamue.

Mathalani, Cessna 172 ina viti vinne, lakini mara nyingi haiwezi kubeba watu wazima wanne na mizigo yao huku matangi yakiwa yamejaa. Mwanafunzi hutakiwa kupiga hesabu na kueleza atapunguza nini. Akipunguza mafuta, yaliyobaki lazima yamfikishe aendako na kumwachia akiba ya dakika 30 za kuruka mchana, au 45 usiku.

Si kila swali hujibiwa kwa kichwa. Kwa mambo yasiyo ya dharura, mtahiniwa anaweza kufungua kitabu cha kanuni au mwongozo wa ndege, mradi ajue pa kutafuta. Anayekiri kwamba hana hakika, kisha akaonyesha jibu kitabuni, huwa katika nafasi bora kuliko anayebahatisha.

Umuhimu wa maswali hayo ulidhihirika Julai 16, 1999, John F. Kennedy Jr., mtoto wa Rais wa zamani wa Marekani, alipofariki dunia pamoja na mkewe, Carolyn, na shemeji yake, Lauren Bessette. Kennedy alikuwa na leseni ya rubani binafsi, lakini hakuwa na idhini ya kuruka kwa kutegemea vyombo pekee. Taarifa za hali ya hewa hazikuzuia safari ya kutegemea macho. Wachunguzi walibaini kwamba alishindwa kuidhibiti ndege ilipokuwa ikishuka juu ya bahari usiku, baada ya kupotewa na mwelekeo. Giza na utusitusi wa hewa vilichangia.

Ndiyo maana mtahini huweza kuuliza: abiria wako wana haraka, sheria inaruhusu, lakini upeo wa macho hauonekani vizuri, utafanya nini? Jibu la kuahirisha safari, likiwa na sababu, ni jibu la rubani.

Namna nzuri ya kujiandaa ni kufanya mazoezi kwa sauti, mkufunzi akiuliza na mwanafunzi akieleza sababu za kila uamuzi. Anayeshindwa hupewa mafunzo zaidi katika maeneo aliyokosea, na akirudi ndani ya siku 60 anaweza kuhesabiwa yale aliyokwisha kufaulu.