MUGUU ULIOTOKA MU PLATRI

Mama, mutoto wako alivunjika muguu. Wakamufunga platri, kile kitambaa cheupe kinachokauka na kuwa kigumu, akakaa nayo juma 6. Leo wameitoa. Unaangalia: muguu umekuwa mwembamba, ngozi imekauka, mutoto analia, hataki kuukanyaga. Munganga anaangalia picha ya radio, anakuambia mfupa umeshikana muzuri, lakini umekuwa mwepesi kidogo. Wamama wengi wanaogopa hapo. Wanafikiri platri imekula mfupa.

Sivyo, mama. Mfupa unaishi, hauko kama mti mukavu. Kila siku mwili unabomoa mfupa wa zamani kidogo kidogo na kujenga mupya. Uzito wa kusimama na kutembea njo unauambia mwili ujenge. Muguu ukilala, kubomoa kunapita kujenga, na ile kalsiyumu inayofanya mfupa kuwa mugumu inapunguka. Ni muguu ule tu. Ule mwingine uko vile vile.

Basi dawa ni kuutumikisha, lakini pole pole. Nyumbani mutoto akae, akunje goti na kulinyoosha, azungushe kanyagio, mara nyingi kwa siku. Munganga akikubali, asimame akishika kitanda ao fimbo, kisha hatua chache, kesho zaidi. Mama anayebeba mutoto mukubwa mugongoni kila siku kwa sababu ya huruma, anachelewesha mfupa wake. Na ule anayemuacha kucheza mupira ao kupanda muembe juma lile lile, atamurudisha kwetu na muguu umevunjika tena. Angoje mpaka munganga aseme. Usiruhusu mutu kukanda muguu kwa nguvu ao kuuvuta.

Umupe ndagala ao sambaza, atafune na mifupa yake, sombe, maharagi, na maziwa kama yanapatikana. Lakini chakula peke yake hakitoshi kama muguu unalala tu.

Kuna mifupa inayoharibika pahali pamoja kwa sababu ingine: mikrobe iliyoingia ndani, ao kifua kikuu kilichoshika mugongo. Kama mutoto hakuanguka, na mfupa unamuuma hata usiku, ana homa, pahali pale pamevimba na pana moto, ao mugongo unaanza kupindama, usingoje siku ya kupima watoto. Mulete leo, pamoja na fishi yake.