Tenisi ya wawili: Mfundishe mwanao pa kusimama kabla ya kupiga

Mtoto akishika raketi kwa mara ya kwanza, macho yake yote huwa kwenye mpira. Mzazi aliye pembeni naye huwa na neno moja tu: "Piga!" Akicheza peke yake, si neno. Matata huanza akipangwa na mwenzake upande mmoja wa wavu. Mara wote wawili wanaukimbilia mpira na raketi zinagongana. Mara kila mmoja anamwachia mwenzake, mpira unapita katikati wanautazama.

Kinachofuata ni lawama. "Ulikuwa wako!" "Aa, wako!" Mwisho mmoja anasusa, na kesho hataki tena kucheza na yule.

Mara nyingi tatizo si mkono, ni miguu. Hakuna aliyewaambia pa kusimama.

Eneo la kulinda

Kiwanja cha tenisi ya wawili kina urefu wa mita 23.77 na upana wa mita 10.97. Kila timu inalinda nusu yake, yaani mita za mraba 130 hivi. Hakuna watoto wawili wanaoweza kuziba eneo hilo lote. Kazi yao ni kuziba sehemu ambako mpira una uwezekano mkubwa wa kufika, na kuwaachia wapinzani sehemu ngumu kulenga.

Anayeishi kando ya ziwa ataelewa upesi. Wapiga kasia wawili wakivuta upande mmoja wa mtumbwi, unazunguka. Mmoja akilala, unakwenda mrama. Tenisi ya wawili iko hivyohivyo: ukitaka kujua usimame wapi, tazama kwanza mwenzako alipo.

Mambo manne ya kuanzia

La kwanza ni mpangilio. Wanaoanza hufundishwa mmoja akae nyuma, karibu na mstari wa mwisho, na mwingine mbele, hatua mbili tatu kutoka kwenye wavu. Wa nyuma anarudisha mipira mirefu. Wa mbele anakatiza ile inayopita karibu naye. Udhaifu wake ni uwazi unaobaki kati yao kwa mshazari. Kwa hiyo wakizoea, wafundishwe kusogea mbele wote wawili, wasimame sambamba.

La pili ni kusogea pamoja. Waambie wajione kama wamefungwa kamba ya mita tatu au nne viunoni. Mpira ukienda kushoto, wote wanasogea kushoto. Ukienda kulia, wote kulia. Kona ya mbali itabaki wazi, na iachwe wazi, kwa sababu ndiyo ngumu zaidi kwa mpinzani kuipata. Katikati ndiko kusikoachwa. Wavu wenyewe uko chini zaidi pale, sentimita 91, wakati kwenye nguzo una mita 1.07, hivyo wapinzani wengi hulenga hapo.

La tatu ni sauti. Mpira wa katikati wakubaliane mapema ni wa nani. Kwa kawaida huchukuliwa na yule ambaye mkono wake wa nguvu uko upande wa katikati. Hata hivyo aseme: "Wangu!" Mpira wa juu ukimpita wa mbele kichwani, wa nyuma anaukimbilia huku akisema "Badili!" na wa mbele anahamia upande wa pili. Neno moja linamaliza ugomvi kabla haujaanza.

La nne ni usalama. Aliye mbele asigeuke nyuma kumtazama mwenzake akipiga, kwani mpira unaweza kumkuta usoni. Atazame wapinzani, raketi ikiwa juu mbele ya kifua.

Kiwanja cha netiboli kinatosha

Familia nyingi za Kigoma na Ujiji haziishi jirani na kiwanja cha tenisi. Lakini shule nyingi zina uwanja wa netiboli, na huo una mita 30.5 kwa 15.25. Kiwanja kizima cha tenisi ya wawili kinaingia humo.

Kwa watoto wa miaka mitano hadi minane, kiwanja kinachofaa ni kidogo zaidi: urefu wa mita 11 na upana wa mita 5.5, wavu ukiwa na sentimita 80. Funga kamba moja kutoka goli la netiboli hadi goli la pili, kwa kimo hicho, uiegemeze kwa vijiti ili isilegee katikati. Wavu kuukuu wa dagaa unaweza kutundikwa juu yake. Chora viwanja vinne kukatisha kamba hiyo, kila kimoja na nafasi pembeni. Hapo watoto 16 wanacheza kwa wakati mmoja.

Raketi za kuanzia zinaweza kuchongwa kwa mbao nyepesi. Mipira iwe iliyochakaa au laini, isiyodunda sana. Tangu 2012, kanuni za kimataifa haziruhusu mpira wa kawaida wa wakubwa kutumika kwenye mashindano ya walio chini ya miaka 10. Mpira ukija polepole, mtoto anapata muda wa kufikiri asimame wapi.

Waliotoka karibu na kwetu

Mchezo huu si wa watu wa mbali. Bujumbura, kaskazini mwa ziwa hilihili, ndiko alikotoka Sada Nahimana, Mrundi anayecheza mashindano ya kimataifa. Kenya ina Angella Okutoyi, aliyelelewa na bibi yake jijini Nairobi pamoja na pacha wake.

Julai 2022, Okutoyi na Mholanzi Rose Marie Nijkamp walitwaa ubingwa wa wasichana wawili wawili Wimbledon. Walipoteza seti ya kwanza 3-6, wakashinda ya pili 6-4, kisha wakamaliza 11-9 katika pointi za mwisho. Waliwashinda Kayla Cross na Victoria Mboko wa Kanada. Mboko ni mtoto wa wazazi waliotoka Kongo, ng'ambo ya ziwa. Katika mechi ya tofauti ya pointi mbili, mpira mmoja wa "nilidhani wako" ungetosha kuwanyima kombe.

Kazi ya mzazi

Mapacha wa Marekani Bob na Mike Bryan walishinda mataji 119 wakiwa pamoja. Wazazi wao walikuwa makocha, na utotoni hawakuwaacha washindane wao kwa wao kwenye mashindano. Wakikutana, mmoja alijitoa, na safari nyingine akajitoa mwingine.

Mzazi aliye pembeni ana la kujifunza hapo. Akimwuliza mwanawe "Kwa nini mwenzako alikosa?", amepanda mbegu ya lawama. Amwulize: "Wewe ulikuwa wapi mpira ulipopita?" Kisha akamwulize na yule mwingine hivyohivyo. Watoto wakizoea kujiuliza hilo, watasogea wenyewe, na yule aliyekuwa akisusa atarudi kucheza.