Sinema: «Sorry to Bother You», kazi ya simu kwa sauti ya mzungu

Cassius Green analala katika gereji ya mjomba wake, ana deni la kodi la miezi minne, na gari lake analitia mafuta ya senti 40. Hivyo ndivyo tunavyomkuta katika «Sorry to Bother You», filamu ya kuchekesha ya Marekani ya mwaka 2018. Jina lake ni kama kusema: samahani kwa kukusumbua.

Aliyeitengeneza, Boots Riley, ni mwanarap wa kundi The Coup la mjini Oakland, California, ambako hadithi inatokea. Yeye mwenyewe aliwahi kuuza bidhaa kwa simu. Ilikuwa filamu yake ya kwanza. Ilionyeshwa mara ya kwanza katika tamasha la Sundance, Januari 2018.

Cassius, anayechezwa na LaKeith Stanfield, anaenda kuomba kazi akibeba kikombe cha ushindi cha uongo. Mkubwa anamgundua, lakini anamwajiri: mtu wa kudanganya hivyo atafaa kuuza. Kila akipiga simu, meza yake inaanguka hadi nyumbani kwa mteja, watu wakiwa wanakula. Wanamkatia.

Mzee wa meza ya jirani, Danny Glover, anampa siri: tumia sauti ya mzungu. Si kuongea kwa pua tu. Ni sauti ya mtu asiye na deni lolote. Kuanzia hapo mdomo ni wa Stanfield, lakini tunayemsikia ni mwigizaji mzungu, David Cross. Nilicheka sana. Kisha nikakumbuka namna ninavyojibu simu za wakubwa.

Wenzake wanapoanzisha mgomo kudai mshahara wa haki, Cassius anapandishwa cheo. Lifti ya dhahabu inampeleka juu, ambako bidhaa ni silaha, pamoja na jasho la watu wa WorryFree, kampuni ambayo mfanyakazi anatia sahihi ya maisha yote: anapata kitanda na chakula, mshahara hakuna.

Asubuhi anapita katikati ya rafiki zake waliogoma, akilindwa na askari. Mwanamke mmoja anamtupia kopo la soda kichwani. Video inazunguka nchi nzima, na aliyetupa anapewa mkataba wa kutangaza soda. Kwangu hapo ndipo filamu inauma zaidi: hata hasira ya mgomo inapata mnunuzi.

Baadaye wanaingia watu nusu farasi, na watazamaji wengine hapo huchoka. Lakini Riley hajatoka kwenye hesabu yake: farasi ana nguvu kuliko mtu, na mwenye WorryFree anataka nguvu hiyo. Cassius anakwenda kwenye televisheni kufichua siri hiyo mbele ya taifa zima.

Hisa za WorryFree zinapanda.