Fahamu: Masimulizi ya mateka
Msomaji wa Lyamkena, hapa Makambako, akisikia kwamba Mary Rowlandson, aliyetekwa na wenyeji asilia wa Marekani mwaka 1676 na kukombolewa kwa pauni 20, alichapisha kisa chake mwaka 1682, asidhani fani ya masimulizi ya mateka ni ya ughaibuni tu. Kwani wavulana wa shule ya Kiungani, Unguja, waliopata kuonja utumwa, waliandika masimulizi yao, na A. C. Madan akayatoa kwa Kiingereza mwaka 1887. Kinigusacho zaidi ni kisa cha Swema, binti mtumwa wa Kiyao, aliyeviringishwa mkekani na kufukiwa angali hai, akafukuliwa, kisha Padri Horner akakiandika; ila humo, naona, sauti ya padri yaifunika ya mtoto.