Nairobi hadi New York: Njia Fupi Isiyoonekana Ramanini

Weka rula juu ya ramani ya ukutani, kutoka Nairobi hadi New York. Mstari wako utapita Nigeria na Mali, utoke barani kwenye pwani ya Mauritania. Mwanafunzi wengi huamini hiyo ndiyo njia fupi. Sivyo. Dunia ni tufe, na juu ya tufe njia fupi baina ya sehemu mbili ni tao la duara kuu, yaani duara ambalo kitovu chake ni kitovu cha dunia yenyewe.

Hesabu yake haimshindi mwanafunzi ajuaye kosini. Viwanja viwili hivyo vimepishana kwa nyuzi 110.7 za longitudo. Nairobi iko nyuzi 1.3 Kusini, New York nyuzi 40.6 Kaskazini. Pembe ipatikanayo kwenye kitovu cha dunia ni kama nyuzi 106.5. Kila digrii ni kilomita 111.2, basi umbali ni karibu kilomita 11,840. Mstari wa rula katika ramani ya Mercator ungekuwa mrefu zaidi kwa kilomita 350 hivi. Tao hilo hupita Chad, Niger na Algeria, na katikati yake huangukia Moroko, jirani na Marrakech. Jambo la ajabu ni kwamba juu ya Atlantiki hupanda hadi nyuzi 42 Kaskazini, kisha hushuka kuifikia New York. Marubani, bila shaka, hulikengeuka kidogo kwa ajili ya upepo na anga zilizofungwa.

Safari za moja kwa moja za Kenya Airways zilianza tarehe 28 Oktoba 2018, kwa ndege ya Boeing 787-8. Kwenda zilipangiwa saa 15 hivi, kurudi kama 14. Tofauti hiyo haitokani na mzunguko wa dunia kuikimbia ndege, kama wadhaniavyo wengi, kwani hewa nayo huzunguka pamoja na ardhi. Sababu ni mikondo ya upepo mkali ivumayo kutoka magharibi, kiasi cha kilomita 10 juu.

Ugumu mkubwa, hata hivyo, uko kwenye kuruka. Matangi ya ndege hiyo huchukua lita 126,000 hivi, takriban tani 100, ilhali uzito wote unaoruhusiwa ni kama tani 228. Nao uwanja wa Nairobi uko mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa asilimia 15 hivi kuliko pwani. Mabawa hupata nguvu ndogo ya kuinua, injini nazo hupungukiwa msukumo. Usiku hewa hupoa ikawa nzito kidogo, jambo linalosaidia. Hata hivyo, mafuta yakiwa mengi hivyo, mara nyingine hapana budi kupunguza shehena ili ndege iweze kuruka.